Maji baridi yana nguvu, ya moto yanachuruzika: anza kuchunguza hapa

Kuanzia Juni, baridi inapoingia Mgeta na vijiji vingine vya juu ya Uluguru, swali hili hutufikia sana: nyumba ina hita, umeme upo, tanki limejaa, lakini maji ya moto bafuni yanatoka kama uzi. Wengi wanaouliza wameshaambiwa wanunue pampu. Sisi tunasema subiri kwanza, kwa sababu pampu haizibui bomba lililoziba.

Chukua ndoo ya lita 10 na simu yako. Fungua maji baridi mpaka mwisho, hesabu sekunde hadi ndoo ijae, kisha rudia kwa maji ya moto pale pale. Yote mawili yakichelewa, shida iko kwenye tanki au bomba kuu linaloingia nyumbani. Baridi ikijaa haraka na moto ikachelewa, shida iko kwenye njia ya maji ya moto.

Ila kuna mtego mmoja, hasa kwa nyumba za Morogoro mjini. Maji baridi yakitoka moja kwa moja kwenye bomba la mamlaka, na ya moto yakianzia tanki la juu, nguvu haziwezi kulingana. Ukiyachanganya kwenye shawa, baridi huyasukuma ya moto yarudi nyuma. Hapo fundi aunganishe yote mawili kutoka tanki moja.

Sasa tuzungumze urefu, maana ndio unaotoa msukumo pale pasipo na pampu. Kila mita 10 za mwinuko hutoa baa 1. Tanki likikaa kwenye mnara wa mita 3 na shawa ikiwa mita 2 kutoka chini, kinachobaki wakati tanki linakaribia kuisha ni mita 1 tu, yaani baa 0.1. Hiyo ni ndogo mno. Ukiinua tanki mita 2 zaidi, msukumo huo unakuwa mara tatu. Lakini kumbuka kwamba maji ya tanki la lita 1,000 yana uzito wa tani moja, hivyo mnara wa miti iliyochoka usiuguse.

Wakulima wa milimani wanaijua hesabu hii bila kuambiwa, kwani mifereji yao ya kumwagilia hushuka na mteremko. Kama nyumba yako iko kwenye mteremko, usijenge mnara. Weka tanki juu ya nyumba, kwenye kiwanja kilichosawazishwa. Likiwa mita 15 juu ya bafu una baa 1.5, na hiyo inatosha kuoga vizuri. Wanaovuta maji moja kwa moja kutoka kijito kilicho juu sana wana shida ya kinyume. Mita 80 ni baa 8, nguvu inayoweza kuharibu hita, kwa hiyo weka tanki dogo la wazi njiani ili kuivunja.

Tukirudi kwenye njia ya moto peke yake, anza na cha bure: koki inayoingiza maji kwenye hita. Mara nyingi fundi aliifunga nusu akaisahau. Kisha fungua kichwa cha shawa na vichujio vya bomba uvioshe. Wakati wa masika vijito vya Uluguru hushuka na mchanga na tope, na hayo huishia humo. Bomba la kutoa maji kwenye tanki liwe sentimita chache juu ya sakafu yake, ili tope lisifuate.

Yakibaki vilevile, angalia mabomba. Ya chuma ya zamani huota kutu kwa ndani mpaka tundu linakuwa dogo, na yanayobeba maji ya moto huwahi kuchakaa. Ya PPR yana ugonjwa wake: fundi akiyayeyusha kupita kiasi wakati wa kuunga, plastiki huvimba ndani na kubana njia. Tena, bomba likipanda kisha likashuka, hewa hunasa pale juu na maji hukwama. Dawa yake ni kuweka koki ndogo ya kutolea hewa hapo juu.

Shawa ya umeme inayochemsha hapo hapo huwaka kwa kusukumwa na maji yenyewe. Msukumo ukiwa mdogo haiwaki kabisa, na watu hudhani imeungua. Hita ya jua ya paani isiyohimili presha nayo haitakiwi kusukumiwa maji na pampu. Pampu yake, ikibidi, hukaa upande wa kutolea maji, na iwe inayovumilia joto.

Kabla ya kufungua hita ya umeme, zima swichi kuu, siyo ya ukutani tu, na uache maji yapoe. Utakuta valvu ndogo ya usalama ambayo hudondosha matone maji yanapochemka. Kuna wanaoiziba wakidhani ndiyo inayopoteza presha. Usiizibe kamwe. Matone hayo ni maji yanayotanuka kwa joto, na yakikosa pa kutokea tanki la hita linaweza kupasuka. Ikivuja mfululizo hata hita ikiwa imepoa, fundi aweke nyingine mpya.