Filamu na Mwanakijiji: Jaribio la Vugiri, Korogwe, 1935–1937

Kati ya 1935 na 1937, Vugiri, katika milima ya Usambara, wilaya ya sasa ya Korogwe, palikuwa makao ya jaribio la filamu za elimu kwa Waafrika. Jaribio hilo, lililoongozwa na L. A. Notcutt na G. C. Latham kwa fedha za Shirika la Carnegie la Marekani, lilitoa takriban filamu 35. Mojawapo ilihusu akiba ya posta: mkulima aliyefukia fedha zake aliibiwa, aliyeziweka posta alisalimika.

Posta na kijiji vilikutana tena katika Jour de fête (1949) ya Mfaransa Jacques Tati. Humo, mgawa barua François anatazama filamu kuhusu posta ya Marekani, anaiga kasi yake, kisha anatumbukia mtoni na kuishia kusaidia mavuno. Kicheko cha Tati kinaigusa kasi yenyewe. Hukumu ya Vugiri ilimwangukia mwanakijiji asiyefuata funzo. Waigizaji wa Vugiri walikuwa Waafrika, bali waliochagua kosa na funzo walikuwa wageni. Kwa hiyo, filamu hizo zinashuhudia fikra za waandaaji kuliko maisha ya kijiji.