Kifafa cha Kando ya Mto

Himbi, mtaa wetu hapa Goma, haina mto. Mvua ikinyesha, maji hupenya kwenye mawe meusi ya volkano na kupotea chini. Ya kunywa na ya kufulia tunachota Ziwa Kivu kwa bidoni, au tunanunua kwa vijana wanaoyapandisha kwa chukudu za mbao. Watu wa Goma hulalamikia shida hiyo kila siku, nami nalalamika pamoja nao. Lakini nilipokuwa muuguzi kijana nilifanya kazi Mahagi, kule Ituri, kwenye vijito vinavyoshuka kwa kasi, na huko niliuona ugonjwa ambao ziwa letu haliwezi kuuzaa.

Mtoto amekaa mbele ya sahani ya fufu na sombe. Amemega tonge, mkono umefika nusu ya njia. Ghafla kidevu kinaanguka kifuani, kinainuka, kinaanguka tena, mara kumi au zaidi ndani ya dakika moja. Macho yako wazi, lakini mama akimwita hasikii. Kisha kichwa kinatulia, na tonge linaendelea na safari yake mdomoni kana kwamba hakuna kilichotokea. Baada ya miezi au miaka huja kuanguka kwenyewe, kukakamaa na povu. Mtoto aliyekuwa akiongoza darasani husahau hata kuhesabu. Wengine huacha kukua: ana miaka kumi na minne, mwili ni wa mtoto wa miaka minane.

Ugonjwa huu una historia ndefu katika eneo letu, na historia hiyo imefuata mito. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Louise Jilek-Aall, daktari mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge, kusini mwa Tanganyika, miongoni mwa Wapogoro. Alikuta wagonjwa wametengwa, wanakula peke yao kwa vyombo vyao, wengi wakiwa na makovu ya moto kwa sababu aliyeangukia mekoni hakuna aliyethubutu kumgusa. Watu waliamini mate na povu vinaambukiza. Miongoni mwa wagonjwa hao alikuwamo mtoto wa kutikisa kichwa, ambaye wenyeji walisema amesinzia kichwa. Aliwapa vidonge vya fenobarbitali, akaandika alichokiona, na kwa miongo kadhaa ni wachache waliojali maandishi hayo.

Uganda nayo ilikuwa na habari yake. Mwaka 1950 madaktari Raper na Ladkin walieleza juu ya watoto wa kandokando ya msitu wa Mabira, karibu na Jinja, waliodumaa bila sababu iliyojulikana, baadhi yao wakiwa na kifafa. Wenyeji waliita hali hiyo Nakalanga. Msitu ule ulikuwa karibu na maporomoko ya Nile, makazi ya usubi, inzi mdogo mweusi anayetaga mayai kwenye maji ya kasi na kueneza mnyoo wa Onchocerca volvulus, ule unaowasha ngozi na kupofusha macho. Kuanzia miaka ya 1950 serikali ilitia dawa ya DDT mtoni. Usubi wa Nile ya Victoria ukaisha, na Nakalanga ikatoweka Mabira.

Jibu, yaani kuua usubi, lilikuwa limeshaonekana, lakini halikusomwa. Vita vilipowasukuma watu wa Kitgum na Pader kwenye kambi, kaskazini mwa Uganda, watoto wengi wakaanza kutikisa vichwa. Mwaka 2009 wachunguzi wa Marekani walikwenda Kitgum pamoja na wizara ya afya, na tangu hapo ulimwengu ukaanza kusikiliza. Kwa nini mnyoo unaoishi kwenye ngozi umharibu mtoto kichwani? Wataalamu walipochunguza ubongo wa watoto waliofariki, hawakuukuta mnyoo humo.

Mwaka 2017 Tory Johnson na Avindra Nath, wa taasisi za taifa za afya za Marekani, walitoa jibu lililonigusa sana. Katika damu ya zaidi ya nusu ya watoto wagonjwa wa Uganda walikuta kingamwili zinazoshambulia protini ya mwili wenyewe iitwayo leiomodini-1, iliyomo pia kwenye seli za ubongo. Protini hiyo inafanana na moja ya mnyoo. Kinga ya mtoto, inapopigana na mnyoo, hufanya kama mlinzi wa usiku anayempiga mwenye nyumba kwa kuwa koti lake linafanana na la mwizi.

Wazo hilo lina mfano wa zamani. Mwaka 1686 Thomas Sydenham wa Uingereza alieleza juu ya watoto wanaorusharusha mikono na miguu bila hiari. Muda mrefu baadaye ilijulikana kuwa hali hiyo hufuata maambukizo ya koo ya bakteria aina ya streptokoki, kinga inapogeukia ubongo. Hata hivyo hoja ya leiomodini haijakubaliwa na wote. Kingamwili hizo zilionekana pia kwa baadhi ya watoto wazima wa vijiji vile vile, na utafiti mwingine wa 2021 haukuona kuwa ndizo chanzo. Pia 2018 Michael Pollanen na wenzake walikuta ndani ya ubongo wa marehemu protini ya tau, ile inayoonekana kwa wazee waliopoteza kumbukumbu. Mjadala unaendelea, na ni haki uendelee.

Lakini ninachosisitiza ni hiki: mtoni hakuna aliyehitaji kungoja mjadala uishe. Kuanzia 2012 Uganda ilitia dawa kwenye mito ya Aswa na Pager, ikagawa ivermektini mara mbili kwa mwaka, na wagonjwa wapya wakapungua hadi karibu kukoma. Ivermektini hutolewa bure na kampuni ya Merck tangu 1987, na William Campbell na Satoshi Ōmura walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kuigundua. Haiui mnyoo mkubwa, ila watoto wake, kwa hiyo lazima irudiwe mwaka baada ya mwaka. Kongo nayo iliwahi kuona njia hiyo. Mwaka 1948 daktari Mbelgiji Marcel Wanson alimaliza usubi wa Léopoldville, Kinshasa ya leo, kwa DDT iliyomwagwa kutoka kwa ndege. Hata hivyo, watafiti walipofika Logo, Mahagi, karibu na 2015, walikuta vijiji vyenye kifafa kwa wingi ambako ivermektini haikuwa imegawiwa hata mara moja.

Leo wapo Himbi wapangaji waliotoroka Ituri na watoto wa namna hii. Ninaona jirani akiondoa kikombe chake, na mama akijieleza kama mshitakiwa. Mimi humwambia: mama, hukumkosea mtu, wala mtoto wako haambukizi. Ampe vidonge kila siku bila kuruka, amweke mbali na moto na ziwa, na asimtoe shuleni. Yaliyobaki ni ya serikali na sisi wauguzi: ivermektini ifike kila kijiji cha mtoni, na wapokeaji wahesabiwe kwa majina. Mabira ilionyesha njia zaidi ya miaka hamsini iliyopita, na watoto wa Logo walistahili njia hiyo hiyo tangu siku ile.