Marekani: Njia ya wanafunzi wa jamii za wachache kuelekea utafiti wa uzee

Mwaka 1992 watafiti wa Marekani na Nigeria walianza kuwachunguza wazee wa miji miwili iliyo mbalimbali: Wamarekani weusi wa Indianapolis na Wayoruba wa Ibadan. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionesha kwamba kila mwaka asilimia 2.52 ya wazee wa Indianapolis walipatwa na ugonjwa wa Alzheimer, ule unaofuta kumbukumbu taratibu. Kwa Ibadan kiwango kilikuwa asilimia 1.15. Tena kinasaba kiitwacho APOE e4, ambacho kwa watu weupe ni ishara kubwa ya hatari, hakikuonekana kuwa na uzito huo kwa Wayoruba.

Jambo lililodhaniwa kuwa la wanadamu wote lilikuwa limepimwa zaidi kwa watu wa asili moja. Hapo ndipo linapozuka suala la nani anayefanya utafiti, kwa kuwa mtafiti huanza na maswali aliyoyaona nyumbani kwao.

Sayansi ya uzee (ndilo jina tulilolichagua, kwani Kiswahili hakijaafikiana juu ya neno moja) huchunguza jinsi mwili, akili na maisha ya mtu yanavyobadilika kadiri umri unavyosonga. Nchini Marekani taaluma hii husimamiwa na Taasisi ya Taifa ya Uzee, NIA, iliyoundwa mwaka 1974 chini ya Taasisi za Taifa za Afya, NIH. Wamarekani weusi wenye umri mkubwa hupatwa na Alzheimer au maradhi yanayofanana nao karibu mara mbili ya wenzao weupe, lakini katika maabara zinazoyachunguza maradhi hayo watafiti weusi ni wachache.

Mwaka 2011 jarida la Science lilichapisha uchunguzi ulioongozwa na mchumi Donna Ginther. Ulibaini kwamba hata baada ya kulinganisha elimu na machapisho ya waombaji, uwezekano wa mtafiti mweusi kupata ruzuku ya NIH ulikuwa chini kwa pointi 10 za asilimia kuliko wa mweupe. Uchunguzi mwingine wa mwaka 2019 ulionesha kwamba zaidi ya asilimia 20 ya pengo hilo ilitokana na mada: watafiti weusi walipendelea kuchunguza afya ya jamii, na mada hizo hazikupewa fedha kwa wepesi.

NIA ilianzisha mpango uitwao ADAR, uliotoa ruzuku kwa vyuo ili viwalee wanafunzi wa shahada ya kwanza wanaotoka katika jamii zenye uwakilishi mdogo: weusi, wenye asili ya Amerika ya Kusini, wenyeji wa asili wa Marekani, walemavu na watoto wa familia maskini. Mwanafunzi alipewa msimamizi katika maabara, alifanya utafiti wakati wa likizo ndefu, alifundishwa kuandika kisayansi na aliwasilisha kazi yake mkutanoni. Pia alilipwa posho, na kwa maoni yetu hapo ndipo palipokuwa na kiini. Kijana anayelazimika kufanya kazi ya mgahawa wakati wa likizo ili alipe kodi ya nyumba hawezi kujitolea bure maabarani, hata awe na kipaji cha namna gani.

Njia hiyo ilikwisha kujaribiwa. Chuo Kikuu cha Maryland, tawi la Baltimore County, kilianzisha mpango wa Meyerhoff mwaka 1988, kwanza kwa vijana wanaume weusi, kisha ukafunguliwa kwa wanawake na hatimaye kwa wanafunzi wa asili zote. Wanafunzi husoma kwa makundi, na kuomba msaada hakuhesabiwi kuwa udhaifu. Kizzmekia Corbett, aliyeshiriki kutengeneza chanjo ya Moderna dhidi ya UVIKO-19, alipitia humo.

Mwaka 2025 hali iligeuka. Rais Donald Trump alitoa amri za kuondoa mipango ya aina hii katika shughuli za serikali, na NIH ikasitisha ruzuku nyingi. Mpango wa MARC, uliowalea wanafunzi wa jamii za wachache tangu miaka ya 1970, ulifungwa. Mwezi Juni jaji wa shirikisho mjini Boston aliamua kwamba usitishaji huo ulikiuka sheria, lakini mwezi Agosti Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliiruhusu serikali iendelee kuzuia fedha wakati kesi ikisikilizwa. Wanafunzi waliokuwa katikati ya masomo walilazimika kutafuta fedha kwingine.

Kwa familia za wasemaji wa Kiswahili walioko Marekani, wakiwemo wakimbizi kutoka Kongo, yafaa kujua kwamba mafunzo yanayolipiwa na NIH kwa kawaida huwa ya raia na wenye ukaazi wa kudumu. Mwenye viza ya masomo hastahiki. Mkimbizi anatakiwa kuomba ukaazi huo baada ya kuishi nchini humo mwaka mmoja. Fedha za vyuo vyenyewe na za wakfu binafsi zina masharti yake, na hayo huulizwa katika ofisi ya utafiti ya chuo husika, ikiwezekana tangu mwaka wa kwanza wa masomo.