Filimbi ya Darasani Kwenye Mpaka Wetu

Upande wa Kenya hapa Busia, mtoto akifika Gredi ya 4 mzazi anajua kuna kitu cha kununua: rekoda. Ni kafilimbi ka plastiki, matundu saba mbele na moja nyuma la kidole gumba. Vuka daraja la kodi na pasipoti uingie Uganda, uende mpaka Tororo, na mtoto wa umri uleule yuko P4 na pengine hajaishika hata siku moja. Watoto wetu wakimbizi wamesoma huku na kule, kwa hivyo wanaijua hii tofauti kuliko watu wa wizara. Nataka kueleza vile hiyo filimbi ilifika hapa, na kwa nini kila mara inapotea halafu inarudi.

Kwanza, rekoda yenyewe iliwahi kusahauliwa kwao. Huko Ulaya ilipigwa kwa karne nyingi, lakini katika miaka ya 1700 filimbi ya kushikwa ubavu ikaishinda kwa sauti. Rekoda ikabaki ndani ya makabati ya watu wanaokusanya vitu vya kale. Mwaka 1919, Uingereza, fundi anaitwa Arnold Dolmetsch alitengeneza mpya baada ya ile ya zamani aliyokuwa nayo kupotea. Miaka ya 1930 mwalimu Edgar Hunt akaipeleka shuleni. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia zikaanza kutengenezwa za plastiki, bei ikashuka, na sasa inaweza kusafiri kokote.

Walimu waliipenda kwa sababu rahisi. Ukichukua endere ya Baganda, lazima midomo yako itafute pembe ya kukata hewa. Siku ya kwanza unaweza kupuliza mpaka kizunguzungu na hakuna kitu kinatoka. Chivoti ya Wadigo ni hivyohivyo, tena hiyo unaishika ubavu. Rekoda ina njia ya hewa tayari mdomoni. Ziba tundu la nyuma na la kwanza mbele, hiyo ni B. Ongeza kidole cha pili, A. Cha tatu, G. Mtoto anapata noti tatu kwa kipindi kimoja, na darasa zima linaweza kwenda pamoja.

Kenya ilikuwa na mashindano ya muziki tangu 1927, yaliyoanza na Wazungu kabla ya kuwa ya shule zote. Lakini nguvu kubwa ilikuja 1985 na mfumo wa 8-4-4. Muziki ukatahiniwa kwenye KCPE pamoja na sanaa, na shule zikawa na sababu ya kuufundisha. Halafu mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo ya KCPE yakapunguzwa yakabaki matano. Muziki haukuwemo. Kwenye ratiba uliandikwa bado, lakini si unajua vile inakuwanga: saa ya muziki inageuka saa ya hesabu. Kisichotahiniwa hakifundishwi.

Mtaala mpya wa umilisi ukarudisha rekoda. Gredi ya 4 ya kwanza nchini kote ilianza Januari 2020. Mwezi wa tatu korona ikafunga shule. Kumbe bahati, Gredi ya 4 ilikuwa kati ya madarasa matatu yaliyorudi mapema, Oktoba 2020. Ng'ambo Uganda watoto wengi walikaa nyumbani, na shule zikafunguliwa kikamilifu tarehe 10 Januari 2022. Watoto wa mji mmoja uliokatwa na mpaka walipishana darasani zaidi ya mwaka. Halafu 2024 Kenya ikaunganisha muziki, sanaa na michezo kuwa somo moja, Sanaa Bunifu. Nafasi ya rekoda ikabanwa tena.

Uganda nao si kwamba hawana muziki. Uko ndani ya mtaala wa msingi, pamoja na sanaa na michezo, na watoto wanaimba, wanapiga ngoma na kucheza vizuri kutushinda. Lakini mtihani wa PLE unauliza Kiingereza, hesabu, sayansi na maarifa ya jamii tu. Kwa hivyo ugonjwa ni uleule pande zote mbili.

Sasa mweke mkimbizi hapo katikati. Mwanzoni mwa 2008, baada ya vurugu za uchaguzi wa Kenya, watu kama 12,000 walivuka Busia na Malaba kuingia Uganda. Wengi walikaa kambi ya muda ya Mulanda, wilaya ya Tororo, kabla ya kupelekwa Kiryandongo. Mtoto akihamia shule mpya anapimwa hesabu na Kiingereza, anashushwa darasa au anapandishwa. Wimbo anaojua kupiga hauna safu kwenye ile fomu.

Na hata ala yenyewe inaweza kumsaliti. Katika kikundi chetu tuna watoto ambao F yao inatoka kombo, wenzao wanacheka. Sababu ni hii: miaka ya 1920 Mjerumani Peter Harlan alibadilisha matundu ili F iwe rahisi, na aina hiyo bado inauzwa pamoja na ile ya zamani. Angalia tundu la nne na la tano mbele. Kama la tano ni dogo kuliko la nne, hiyo ni ya Kijerumani, na vidole vya F ni tofauti. Mtoto hakukosea, alifundishwa kwa ala nyingine. Hilo tunalijua sana sisi.

Huu mpaka wenyewe umewahi kuhama. Mpaka 1902 sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ilihesabiwa kuwa Uganda. Wateso na Wasamia wako pande zote mbili hadi leo, na akogo ya Wateso haiulizi pasipoti. George Senoga-Zake, mzaliwa wa Uganda, alikuwa mmoja wa watu watano walioandaa wimbo wa taifa wa Kenya mwaka 1963, kutokana na wimbo wa kubembeleza mtoto wa Wapokomo. Mgeni aliruhusiwa kutumia alichojua.

Kwa hivyo tusingoje mtihani. Mzazi, kama mtoto wako amehama shule na rekoda iko chini ya kitanda, usiitupe. Ioshe kwa maji na sabuni, kila mtoto na yake, wasipeane mdomoni. Mfundishe B, A na G, halafu mwimbie ule wimbo mama yako alikubembeleza nao, atafute noti zake mwenyewe. Akikwama, Jumamosi tuko.