Manga, Tabaka na Thimlich Ohinga: Vivutio vya kihistoria Gusii na ujirani wake

UTALII ukitajwa, wengi huwazia fuo za Mombasa au misikiti mikongwe ya Istanbul, Uturuki. Hata hivyo, msafiri anayeanzia Ekerenyo, Kaunti ya Nyamira, anaweza kuzuru maeneo yenye historia nzito bila kuondoka Nyanza.

La kwanza ni genge la Manga, papo hapo Nyamira. Hewa ikiwa safi, kutoka kileleni huonekana nyanda zinazoteremka kuelekea Ziwa Victoria. Hapo pana Ngoro ya Mwaga, shimo linalotajwa sana katika masimulizi ya wazee wa Abagusii. Mvua hunyesha mara nyingi alasiri, hivyo ni heri kupanda asubuhi.

Kutoka Manga, safari huelekea mji wa Kisii, uliokuwa kituo cha utawala wa Waingereza. Januari 1908, shujaa Otenyo, akihimizwa na nabii Moraa, alimchoma mkuki ofisa G.A.S. Northcote. Ofisa huyo alipona, na miaka mingi baadaye akawa gavana wa Hong Kong. Wenyeji nao waliadhibiwa kwa msafara wa kijeshi ulioteketeza nyumba na kutwaa mifugo.

Kusini magharibi mwa mji huo kuna Tabaka, chimbuko la mawe laini ya Kisii. Mgeni hujionea machimbo na mafundi wakichonga vinyago, bakuli na sahani. Mchongaji Elkana Ong'esa, mzaliwa wa eneo hilo, ndiye aliyechonga sanamu ya ndege wa amani iliyo katika makao makuu ya UNESCO, Paris.

Mwisho ni Thimlich Ohinga, Kaunti ya Migori. Kuta zake za mawe, zilizopangwa bila saruji wala udongo, zinakadiriwa kuwa za karne ya 16. Zilikinga watu na mifugo yao.

UNESCO iliorodhesha maeneo ya kale ya Istanbul mwaka wa 1985 na Thimlich Ohinga mwaka wa 2018. Historia ya Manga, kwa sehemu kubwa, ingali vinywani mwa wazee. Kwa hivyo, anayefika huko asitosheke na mandhari na picha. Amtafute mzee wa eneo hilo amsimulie, naye aandike, kwani mzee akiondoka bila kuulizwa, jabali litabaki jiwe tu.