Kiungulia sugu: Chanzo, dalili na tiba

KUPATA kiungulia siku moja baada ya karamu si ugonjwa. Lakini kiungulia kinachorudi mara mbili au zaidi kwa wiki, wiki baada ya wiki, ni maradhi yanayohitaji tiba. Mara nyingi huitwa gesi au hudhaniwa kuwa vidonda vya tumbo, na mgonjwa akameza dawa zisizomfaa kwa miaka.

Katika kijiji kama Kipungani, kusini-magharibi mwa kisiwa cha Lamu, kuyatambua maradhi haya kuna faida zaidi. Hospitali ya King Fahd iko mjini Lamu, upande wa pili wa kisiwa. Kwa hivyo ni muhimu mtu ajue lipi aweza kulituliza nyumbani na lipi linamlazimu kupanda mashua bila kuchelewa.

Chanzo

Chakula hushuka tumboni kupitia umio. Mahali umio unapokutana na tumbo pana msuli wa mviringo ulio kama mlango: hufunguka chakula kipite, kisha hujifunga. Msuli huo ukilegea, asidi ya tumboni hupanda na kuunguza umio, ambao hauna kinga kama ya tumbo.

Unene, ujauzito na uvutaji wa sigara huchangia. Kula sana kisha kulala papo hapo hudhuru pia. Ndiyo sababu baadhi ya watu huzidiwa mwezi wa Ramadhani, baada ya futari nzito ya vyakula vya kukaanga au wanaporudi kitandani mara tu baada ya daku. Kuinama tumbo likiwa limejaa, iwe ni kwa kuvuta nyavu au kusuka mikeka, kazi inayosifika Kipungani, huweza kuipandisha asidi.

Vidonda vya tumbo ni maradhi mengine. Vingi husababishwa na bakteria wa Helicobacter pylori au na dawa za maumivu kama vile ibuprofen na diclofenac.

Dalili

Mgonjwa huhisi moto kifuani na uchachu kooni, hasa anapolala au kuinama. Wengine hukohoa usiku au hukauka sauti.

Dalili za hatari ni chakula kukwama kikimezwa, kukonda bila sababu, kutapika damu na kupata choo cheusi kama lami. Saratani ya umio ni tatizo kubwa Afrika Mashariki, na kukwama kwa chakula ni dalili yake kuu. Aliye na mojawapo ya dalili hizo asiendelee kujitibu, aende hospitalini. Vivyo hivyo kwa maumivu ya kifua yanayobana na kuenea mkononi au kwenye taya, kwani huenda ni moyo.

Tiba

Hatua za kwanza hazina gharama. Kula kidogo kidogo, na usilale kabla ya saa tatu kupita tangu ulipokula. Inua upande wa kichwani wa kitanda kwa sentimita 15 hadi 20, kwa kuweka vipande vya mbao chini ya miguu yake. Kurundika mito hakutoshi, kwani hulikunja tumbo. Lalia ubavu wa kushoto. Punguza uzito, acha sigara, na uepuke chakula unachoona kinakuzidishia, kiwe pilipili, kahawa au mafuta.

Vidonge vya kutafuna vya kupoza asidi hutuliza kwa muda mfupi tu. Omeprazole, inayopunguza utengenezaji wa asidi, humezwa nusu saa hivi kabla ya kifungua kinywa, kwa kawaida kwa wiki nne hadi nane. Anayeimeza wakati maumivu yanapomzidi tu huikosa faida yake kamili.

Dawa zikishindwa, daktari huchunguza umio kwa mpira mwembamba wenye kamera, na wachache hufanyiwa upasuaji wa kuukaza mlango wa tumbo. Mjamzito, au anayetumia dawa nyingine, amwone mhudumu wa afya kabla ya kununua chochote dukani.