Abiria wa Matatu Mbele ya Sheria

Kwa muda mrefu nchini Kenya, msako wa barabarani ulimtazama zaidi dereva. Abiria alihesabiwa kama mzigo: hupakiwa, hulipa nauli, hushushwa. Tarehe 1 Februari 2004 hesabu hiyo ilibadilika. Siku hiyo zilianza kutumika kanuni zilizotangazwa mwaka 2003 na Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, marehemu John Michuki, na mtu aliyelipa nauli yake halali aliweza kushtakiwa kwa kutofunga mkanda.

Mambo haya yana mizizi ya mbali. Tangu mwaka 1934 usafiri wa mjini Nairobi ulikuwa mikononi mwa kampuni moja ya mabasi. Magari madogo yaliyobeba watu kwa senti 30, yaani vipande vitatu vya senti kumi kumi, ndiyo asili ya jina "matatu". Yalikimbizana na polisi mpaka Rais Jomo Kenyatta alipoyaruhusu kwa tamko mwaka 1973. Lakini kuruhusiwa si kutawaliwa. Magari yaliongezeka, wendao kazini wakaongezeka zaidi, na abiria akajizoeza kuinamisha shingo chini ya paa na kuning'inia mlangoni. Si kwa utundu, bali kwa kuwa gari lililofuata nalo lilikuwa limejaa. Sheria ya mwaka 1984 iliyatambua magari hayo kwa leseni na ukaguzi. Mlangoni watu waliendelea kuning'inia.

Kanuni za Michuki zilidai kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, mstari wa manjano ubavuni, sare kwa dereva na utingo, mkanda kwa kila kiti, wala asisimame mtu. Wenye magari wengi waliyaondoa barabarani, na ndugu zetu wa Nairobi wakaenda kazini kwa miguu. Serikali haikurudi nyuma.

Ugumu ulimwangukia askari wa kizuizini. Gari la viti 14 likikutwa na watu 20, mkosaji ni nani? Ni dereva aliyepakia, ni tajiri anayedai hesabu ya jioni, au ni yule wa 15 aliyeingia akijua? Utingo alikuwa na jibu lake, nalo lilikuwa noti iliyokunjwa. Abiria naye alijifunza kufunga mkanda akimwona polisi na kuufungua akishampita, huku akilalamika, na pengine kwa haki, kwamba mikanda ilikuwa michafu.

Ulegevu ukarudi. Tarehe 12 Novemba 2018 msako ulianzishwa upya kwa kanuni zile zile, na watu wakatembea tena. Kisha, Machi 2020, kwa ajili ya Uviko-19, gari la viti 14 liliamriwa kubeba watu 8 tu. Aliyekatazwa kusimama mwaka 2004 sasa aliachiwa nafasi tupu ubavuni mwake, na nauli ikapanda.